Filamu Gani Ziingie Sebuleni Mwetu?

Wapo wanaodhani kwamba suala la filamu limezaliwa na simu za mkononi, na kwamba wazee wetu waliishi wakiwa wamesalimika nalo. Historia ya pwani yetu haisemi hivyo. Unguja ilikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique. Tanga, Dar es Salaam na Mombasa nako kulikuwa na majumba ya sinema, na siku za Idi watu walipanga foleni mbele yake wakiwa na nguo mpya. Filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa na watu wasiojua neno la Kihindi, kwa sababu habari ya mama anayewalea wanawe katika dhiki haihitaji mkalimani. Zanzibar na Mombasa ziliwekewa maonyesho ya wanawake peke yao, ili wenye kuchunga heshima zao waende wakiwa wametulia, nao bibi zetu walikwenda.

Basi lililobadilika si kuwepo kwa filamu. Lililobadilika ni namna ya kuziangalia. Zamani mtaa mzima uliiona filamu moja, na kesho yake ukaijadili barazani: nani alikuwa na haki, nani alidhulumu, mtoto yule alipaswa kufanya nini. Mkubwa alimsikia mdogo akisema, na akamsahihisha. Leo mtoto anaangalia peke yake, shuka imemfunika kichwa, simu ikiwa imepunguzwa mwanga. Au anaangalia katika kibanda cha video, amebanana na watu asiowajua, huku sauti ya mtafsiri ikimwekea mwigizaji maneno ambayo hayamo ndani ya filamu. Katika hali zote mbili hakuna baraza ya kesho yake.

Sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu wa kamati ya msikiti, na ambao tangu siku za chuo tumekuwa wapenzi wa filamu, tulilitazama jambo hili kwa mbali mpaka siku mtoto mmoja wa madrasa, mwenye umri wa miaka tisa, alipotuuliza swali baada ya darsa. Alikuwa ametoka kuangalia filamu ya mapigano ya Kimarekani. Akasema: "Ustadhi, wale wanaosema Allahu Akbar halafu wanalipua watu, wao wanaswali kama sisi?" Mtoto yule hakuuliza kwa utani. Alitaka kujua kama neno analolisikia mara tano kwa siku kutoka katika mnara wetu ni lile lile alilolisikia kibandani kabla ya mlipuko. Tulimjibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Lakini tulielewa kwamba jibu la dakika tano linashindana na filamu ya saa mbili, na kwamba filamu hujibiwa vizuri zaidi kwa filamu.

Hatuandiki fatwa katika makala hii. Maulamaa wamejadili suala la picha na uigizaji kwa miaka mingi, na kila familia inaye sheikh wa kumuuliza. Tunachotoa ni maoni ya mzazi aliyeangalia filamu nyingi, akaziacha nyingi, na akabakiwa na chache anazoona zinastahili kuingia sebuleni.

Mwenye kuzungumzia filamu na Waislamu hawezi kuiruka The Message, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Ar-Risala. Mwongozaji wake, Moustapha Akkad, alizaliwa Aleppo nchini Syria, akaenda Marekani akiwa kijana kusomea filamu. Alipata wazo la kusimulia kuja kwa Uislamu kwa watu wa Magharibi, na akakabiliwa na mtihani ambao hakuna mwongozaji mwingine aliyeuzoea: mhusika mkuu wa habari yake haruhusiwi kuonekana wala kusikika. Alilitatua jambo hilo kwa adabu. Mtume (SAW) haonekani, sauti yake haisikiki, na mahali pengine kamera yenyewe inasimama alipo, nao watu wanazungumza wakiielekea. Makhalifa wanne nao hawaonyeshwi. Habari inabebwa na Hamza, Bilal, Zayd, na kwa upande wa pili Abu Sufyan na Hind. Tena Akkad aliipiga filamu hiyo mara mbili katika mandhari zile zile: moja kwa Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Hamza, na nyingine kwa Kiarabu, Abdullah Gaith akishika nafasi hiyo hiyo.

Ilitoka mwaka 1976. Mwezi Machi 1977, watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington na kuwashikilia mateka zaidi ya 100, na miongoni mwa madai yao lilikuwamo la kuondolewa kwa filamu hiyo katika majumba ya sinema, kwa kuamini kwamba imemwonyesha Mtume. Haikumwonyesha. Damu ilimwagika mjini humo, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa kitu kisichokuwemo kabisa katika filamu. Kila tunaposikia mtu akiikataza filamu asiyoiona, au akiisifu asiyoiona, tunaikumbuka habari hii.

Maoni yetu ni haya. Ar-Risala inafaa kwa familia, lakini iangaliwe ikiwa filamu, isishike nafasi ya kitabu cha sira. Mazungumzo yake yameandikwa na waandishi wa filamu. Mtoto asiyanukuu kama hadithi. Baadhi ya maulamaa hawaridhii hata kuigizwa kwa masahaba, na hoja yao ina uzito: mtoto aliyeiona filamu hii hutajiwa Hamza (RA), akakumbuka sura ya Quinn. Hata hivyo, pale Bilal anapopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini siku ya kufunguliwa Makka, mtoto mweusi wa Kiafrika anaona mahali pake katika historia ya dini yake bila ya mtu kumhutubia. Hilo si jambo dogo katika nyumba zetu.

Akkad huyo huyo aliongoza Lion of the Desert, iliyotoka mwaka 1981, inayomhusu Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'an aliyeongoza vita dhidi ya ukoloni wa Italia nchini Libya na akanyongwa Septemba 16, 1931, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Iligharimiwa na serikali ya Libya ya wakati huo, na mtazamaji mwenye akili hukumbuka nani aliyelipa. Lakini kambi ambazo raia walizungushiwa seng'enge zilikuwepo kweli, na kitanzi kilikuwepo kweli. Italia iliizuia filamu hiyo mwaka 1982 kwa madai kwamba inalivunjia heshima jeshi lake. Tunawashauri wazazi waiache mpaka mtoto afikishe miaka kumi na tatu au zaidi, kwa sababu ya vifo vingi vilivyomo. Kwa kijana, ni dawa ya swali lile la kibandani: hapa anamwona mzee mwenye miwani, mwalimu wa watoto, anayepigana na wanaoikalia nchi yake, kisha anakataza kumuua mateka.

Sasa tufike kwenye filamu ambayo, kama tungeruhusiwa kuchagua moja tu, tungeichagua hii. Ni Children of Heaven ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Hakuna risasi ndani yake, hakuna jeneza. Ali, mtoto wa shule, anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, na wakati wa kurudi vinapotea. Baba ni maskini, mama ni mgonjwa, kodi ya nyumba haijalipwa. Watoto wale wanaamua kutowaongezea wazazi wao huzuni. Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana. Basi wanatumia raba moja ya Ali kwa zamu, wakikimbia vichochoroni ili mmoja amwachie mwenziwe. Hiyo ndiyo habari yote, na sisi hatujui filamu ya vita iliyotuweka roho juu kuliko mbio za Zahra akiwa na raba inayompwaya, mpaka ikamponyoka ikaangukia mfereji wa maji machafu.

Ilipofika zamu ya kamati yetu kujadili ombi la vijana la kuonyeshwa filamu katika ukumbi wa madrasa wakati wa likizo, mjadala ulikuwa mkali. Mpinzani mkubwa alikuwa mhazini wetu, mzee wa zaidi ya miaka 60, ambaye katika miaka yote ya uhazini wake hesabu haijapungua hata shilingi mia. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi umejengwa kwa sadaka za watu waliokusudia Qur'an isomwe humo, na wengi wao wamekwishatangulia mbele ya haki; nani atawaomba ruhusa? Hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tukapendekeza kwamba kabla ya kupiga kura, wajumbe waione filamu moja nyumbani kwa mmoja wetu. Tukachagua hii.

Mapema katika filamu hiyo baba amekaa chini akipasua mabonge ya sukari. Zahra anamletea chai, naye anamwomba sukari. Mtoto anashangaa: mbele ya baba kuna sukari tele. Baba anamwambia ile ni ya msikiti, wamekabidhiwa tu. Mtu yule ni maskini kiasi kwamba anadaiwa dukani, lakini chai yake inasubiri chembe ya sukari iliyo halali kwake. Mhazini akasema: "Katibu, hebu rudisha nyuma nione tena." Tukarudisha. Alipoona mara ya pili akasema taratibu, "Bwana huyu angefaa uhazini," na wajumbe wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Kura ilipopigwa, alikubali kwa sharti moja ambalo limeingia katika kumbukumbu za kikao kwa maneno yake. Alisema kwamba kama sukari ya msikiti haiingii katika chai ya nyumbani, basi umeme wa msikiti nao usiingie katika filamu. Wazazi wanaotaka watoto wao waangalie, wachange fedha ya LUKU, iandikwe katika daftari lake peke yake, na mabaki yarudishwe kwa wenyewe. Tangu hapo limekuwepo daftari hilo, jembamba, lenye jalada la kijani, na mhazini hulikagua kwa umakini ule ule anaokagua daftari la sadaka ya Ijumaa. Tulimwona mzee aliyeipinga filamu akiielewa kuliko sisi tuliokuwa tunaitetea.

Filamu nyingine ya baba na mwana ni Le Grand Voyage ya Ismaël Ferroukhi, ya mwaka 2004. Mzee wa Kimorocco anayeishi Ufaransa anataka kwenda Hija kwa gari, na anamlazimisha mwanawe wa umri wa kwenda chuo amwendeshe kupita Ulaya na nchi za Kiarabu mpaka Makka. Kijana haswali, na moyo wake uko kwingine. Anauliza kwa nini wasipande ndege. Baba anamjibu kwa mfano wa maji ya bahari, ambayo hayapotezi chumvi yake mpaka yapande taratibu mawinguni. Sehemu za mwisho zilipigwa Makka yenyewe, kati ya mahujaji wa kweli. Zimo dosari za kijana ambazo mzazi atataka kuzizungumza, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Lakini baba mwenye mwana wa miaka 18 asiyezungumza naye ila kuhusu ada na simu, na aiangalie pamoja naye. Wawili wale wanakaa gari moja kwa maelfu ya kilomita kabla ya kila mmoja kumwona mwenziwe. Anapochelewa kuonwa, hasara yake haielezeki, na filamu haijaribu kuieleza.

Upande wa filamu za hali halisi, wazazi wengi huzidharau kwa kudhani ni taarifa ya habari iliyorefushwa. Tunawaombea Koran by Heart, ya mwaka 2011, iliyofuata mashindano ya kuhifadhi Qur'an yanayofanyika Cairo katika Ramadhani. Inawafuata watoto watatu wa miaka kumi: mmoja wa Senegal, mmoja wa Tajikistan, na binti wa Maldives. Inafurahisha, na pia inauma. Mtoto wa Tajikistan amehifadhi msahafu mzima kwa sauti ya kutoa machozi, lakini kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe kunamtatiza. Binti wa Maldives anaongoza kwa hesabu na sayansi, na wazazi wake hawakubaliani juu ya mustakabali wake. Sisi wa madrasa tunapaswa kuiangalia filamu hii tukiwa tumeshika mikono yetu wenyewe, kwa sababu inauliza swali ambalo kila mwaka tunaliahirisha: tunamwandaa hafidhi kwa ajili ya siku ya mashindano, au kwa ajili ya maisha yake?

Ya pili ni 5 Broken Cameras ya mwaka 2011. Emad Burnat, mkulima wa kijiji cha Bil'in huko Palestina, alinunua kamera mwaka 2005 ili apige picha za mwanawe wa nne aliyezaliwa. Wakati huo huo ukuta ulianza kujengwa juu ya mashamba ya kijiji. Kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya mtoto ikaanza kupiga ukuta, askari na mizeituni iliyochomwa. Ikavunjwa; akapata nyingine, nayo ikavunjwa. Kamera tano kwa jumla, na mtoto anakua mbele yetu kati ya kamera moja na nyingine, huku maneno yake ya mwanzo yakiwa maneno ya kijiji kilichozingirwa. Hakuna mtu anayehutubia. Mkulima anapiga picha, basi. Mwaka 2025 filamu nyingine ya ardhi hiyo, No Other Land, iliyotengenezwa na Wapalestina wawili pamoja na Waisraeli wawili, ilipata tuzo ya Oscar, na inafaa kuangaliwa baada ya hiyo ya kwanza.

Tutataja mbili kwa ufupi. Timbuktu ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania, ya mwaka 2014, inaonyesha mji wa Waislamu uliotekwa na wenye silaha wanaodai kuuletea dini. Mpira umekatazwa, basi vijana wanacheza bila ya mpira, wakikimbiza hewa kiwanjani, na imamu wa mji anawaambia wavamizi kwa upole kwamba ndani ya msikiti haingii mtu na viatu wala silaha. Ni kwa watu wazima. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi na inazungumza Kiswahili kitamu cha Unguja ya miaka ya 1950. Picha zake zinapendeza kuliko filamu yoyote ya nyumbani tuliyoiona, lakini mapenzi yaliyomo si ya kuangaliwa na watoto wala pamoja na wakwe.

Kuhusu za mwaka 2025, macho yetu yako kwa The Voice of Hind Rajab ya Kaouther Ben Hania wa Tunisia, iliyopata Tuzo Kuu ya Waamuzi huko Venice mwaka 2025. Imetumia sauti halisi ya mtoto wa Gaza aliyekuwa akiomba msaada kwa simu kutoka ndani ya gari, mwezi Januari 2024, na wafanyakazi wa Hilali Nyekundu waliokuwa wakimsikiliza. Hatutaiweka katika orodha ya watoto. Wazazi tunawashauri waione wao kwanza, kisha waamue. Ipo pia Palestine 36 ya Annemarie Jacir, inayohusu uasi wa mwaka 1936 dhidi ya utawala wa Waingereza.

Na ipo filamu tunayoisubiri ambayo haijaanza kupigwa. Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Pangani mwezi Desemba 1889, baada ya kuongoza vita vya pwani. Kati ya kitanzi chake na kile cha Omar Mukhtar imepita karibu miaka 42. Mmoja watoto wetu wanamjua kwa sura, mwingine wanamsikia kwenye kitabu cha historia wakati wa mtihani. Bahari ya Pangani ipo, mashua zipo, lugha ipo. Vijana wetu wanaosomea utengenezaji wa filamu wanapotuuliza wafanye nini kilicho halali, huwa tunawatajia jina hilo.

Kwa familia, adabu za kuangalia ni chache. Mzazi aione filamu kabla ya mtoto. Isiangaliwe wakati wa swala, na ikiwa adhana itasikika katikati, isimamishwe. Filamu nzuri husubiri. Simu zikusanywe kapuni, ya baba ikiwa ya kwanza. Na inapokwisha, asiondoke mtu kwa robo saa: kila mmoja, kuanzia mdogo, aseme nani alidhulumiwa na yeye angefanya nini. Robo saa hiyo ndiyo baraza tuliyoipoteza, na inaweza kurudishwa sebuleni usiku wa leo bila ya gharama yoyote.

Wabillahi tawfiq.